Viti Viwili Kutoka Pretoria

Dola elfu kumi na moja mia nne na arobaini. Nimezihesabu mara mbili, na kwa bahati mbaya mara ya pili zilikuwa zilezile. Ndani yake mna gari la marehemu mume wangu, kiwanja changu cha kando ya barabara ya Likasi, marobota saba ya mitumba niliyoyauza bila hata kuyafungua, na zamu yangu ya likelemba, ule mchezo wetu wa kuchangiana pesa, ambayo ninyi mama wa soko la Manika mlinipa kabla ya wakati wake. Jino lililovunjika Chirundu sijalitia humo. Jino nalihesabu peke yake.

Mmeniuliza ilikuwaje. Kila siku mmoja wenu anasimama kule ng'ambo ya mtaro, anapaza sauti kama anauza makaa, nami namjibu kutoka huku kwenye kibanda changu cha bati, na njia nzima inasikia habari za mkojo wangu. Nimechoka kupiga kelele. Kwa hiyo naandika katika daftari hili, mtalipitisha mkono kwa mkono. Mkifungua kurasa msilambe kidole. Daktari hakukataza daftari, lakini na mimi sikumwuliza.

Kwa wale wanaonijua kwa kununua kwangu tu: miaka sita moyo wangu ulikuwa unanirukia. Ghafla kichwa kinagonga, jasho linashuka, uso unapauka kama nimepakwa majivu, mikono inatetemeka. Dakika kumi, ishirini, halafu basi. Walinitibu malaria mara kumi na tisa. Watu wa maombi nao walikuja na kurudi. Mwisho picha ya Lubumbashi ikaonyesha uvimbe kando ya uti wa mgongo, juu ya figo, na vitoto vyake vitatu ndani ya mfupa wa nyonga. Ni uvimbe wa nadra, unaota kwenye zile neva zinazoamuru moyo ukimbie au utulie, na wenyewe unamimina ndani ya damu kitu kilekile ambacho mwili humimina mtu akikanyaga nyoka. Kwa hiyo mimi nilikuwa nakanyaga nyoka mara nne kwa siku, hata nimekaa nakunywa chai.

Kwa mtu wa biashara ugonjwa huo ni mbaya kuliko kuhara. Nani atakushushia bei wakati unatoka jasho? Mwenye mali anakuona umepauka, anajua umeogopa, anaongeza.

Kisu kilishindikana, kwa sababu uvimbe umeukumbatia mshipa mkubwa. Ikabaki dawa ya Pretoria, ndiyo iliyokula zile dola. Mwanangu Mujinga alikuwa na mimba yake ya kwanza, mwezi wa nane. Nilimwambia nitarudi kabla, nitakukanda kwa maji ya moto, nitamwogesha mtoto mimi mwenyewe. Ndiyo ahadi niliyoondoka nayo.

Kolwezi hadi Lubumbashi

Ule ni wakati bei ya kobalti ilipoanguka. Mnakumbuka nyumba za kununulia madini zilivyofunga moja baada ya nyingine, mizani ikabaki inaning'inia bila kitu. Halafu askari wakaanza kuwatoa wachimbaji kwenye machimbo. Asubuhi niliyoondoka, barabara ilikuwa imejaa watu wenye mitalimbo begani na magodoro kichwani, wanakwenda upande usiojulikana, na basi letu likawa linapita katikati yao polepole kama linasindikiza maiti. Mtaa wa Kasulo nako walikuwa wameanza kupaka alama nyekundu kwenye kuta za nyumba za kuvunjwa. Mkwe wangu Banza, mume wa Mujinga, alikuwa na shimo lake la kobalti chini ya sebule, mita ishirini na mbili, analifunika kwa zulia wageni wakija. Nyumba yake ilipata alama mbili. Nadhani moja ilikuwa ya shimo.

Kwenye kizuizi kabla ya Likasi moyo ukaruka. Askari akapanda ndani, akatazama viti vyote, akasimama mbele yangu.

"Mama, juu ya nini unatoka jasho?"

"Niko mugonjwa, tata."

"Bote banasema beko bagonjwa. Shuka na ile sakoshi."

Nikashuka na mkoba wangu. Aliamini nimejifunga mawe ya kobalti kiunoni, chini ya kitenge. Akaitwa askari wa kike, akanipapasa mbele, nyuma, mbele tena. Akamwambia mwenzake hapa kuna mafuta tu. Abiria walikaa dakika arobaini wananisubiri, na nilipopanda hakuna aliyesogeza mguu nipite. Mchimbaji mmoja aliyekaa pembeni yangu alininong'oneza, kwa heshima kabisa, kwamba wakati ujao nifiche kwenye unga. Nikamshukuru. Sikuwa na nguvu ya kueleza.

Lubumbashi hadi Beitbridge

Basi la Afrika Kusini lilikuwa liondoke Jumanne. Likaondoka Alhamisi, kwa sababu dereva alikuwa msibani, na msiba ulikuwa wa mwenye basi. Siku mbili nilikaa juu ya begi langu stendi nikila bukari ya unga wa mahindi na samaki wadogo, nikihesabu vidonge.

Kuhusu jino. Pale Chirundu, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, nilikuta kijana anauza kuku wa kuchoma. Alitaja bei, nikaicheka, nikataja nusu. Akatikisa kichwa, nikaondoka, akaniita, nikarudi, mnajua mambo hayo. Akakubali. Akaniletea nusu ya kuku, na nusu yenyewe ilikuwa ile ya mgongo na shingo. Hatukuwa na lugha ya kugombana, kila mtu alikuwa na haki katika lugha yake. Nikaitafuna kwa hasira, jino likaenda.

Beitbridge tulipanga foleni kutoka asubuhi hadi jua likazama. Moyo uliruka mara tatu. Kila uliporuka, mtu wa nyuma yangu alinitazama na kusogea, na hivyo nikawa na nafasi nzuri kuliko wengine.

Johannesburg

Nilikuwa nifikie kwa Kabamba, mtoto wa shangazi yangu, kinyozi, ana miaka kumi kule. Alinipigia simu nikiwa njiani akasema nisiende nyumbani kwake, niende kwenye ukumbi wa kanisa; lakini mji siujui, ningeupataje? Akaja kunipokea mwenyewe. Mfukoni alikuwa na mashine moja ya kunyolea. Ndiyo iliyobaki. Vijana wa mtaa walikuwa wamepita duka kwa duka wakiwatoa wageni, na kibanda chake kilichomwa pamoja na viti vyake vitatu na kioo.

Ule ukumbi ulikuwa wa michezo. Sakafuni mna mistari ya rangi, na kila familia ilichukua pembe yake ya mstari. Sisi tulipata chini ya goli la mpira wa kikapu. Nilihesabu watu mia mbili na themanini na kitu. Mara ya pili nikapata zaidi, kwa sababu watoto hawakai. Chakula kilikuwa bukari yao laini na kabichi, asubuhi na jioni, na foleni ya choo ilianza kabla ya kula.

"Yaya," Kabamba aliniambia, maana kwake mimi ni dada mkubwa, "mu taxi usiseme. Ukifungula kinywa tu, banajua."

Mimi ninayeishi kwa kinywa. Nilinunua ndizi kwa vidole, nikalipa bei niliyotajiwa, kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Nilirudi ukumbini nimechoka kama niliyebeba gunia.

Palikuwa na orodha ya wanaotaka kurudishwa kwao bure. Kabamba aliitazama kila siku na hakuandika jina. Nilimwuliza kwa nini. Akacheka kidogo, bila kuonyesha meno.

"Hapa banatufukuza juu tulikuya. Kwetu banafukuza batu juu beko pale. Mi nichague nini?"

Nilikuwa nimepita katikati ya wale wenye magodoro.

Chumba cha Pretoria

Siku kadhaa kabla ya dawa walininywesha matone ya iodini, ladha yake kama umenyonya sarafu. Ni ili koo lishibe, lisije likala dawa isiyo yake. Walinibadilishia pia vidonge vya presha, kwa sababu vya kwanza vingeifungia dawa mlango.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo kwa umri, anasema Kifaransa cha shuleni, polepole, kikanifaa. Alinieleza hivi: uvimbe wako una uroho wa kitu kimoja ambacho neva hutumia. Sisi tumetengeneza kinachofanana nacho, tumekipachika iodini yenye mionzi. Uvimbe utakimeza ukidhani ni chakula chake, na utaungua kutoka ndani. Sehemu nyingine za mwili zitachukua kidogo tu.

Nikamwambia hiyo biashara naijua: unamwuzia mwenye uroho mali ya bandia. Akacheka mpaka akavua miwani.

Kisha nikamwuliza la maana, kama utakwisha. Akaacha kucheka. Alisema hatanidanganya. Mara nyingi unasimama au unapungua, na mtu anapata miaka. Kwisha kabisa ni nadra. Huenda nikahitaji dozi ya pili baada ya miezi mitatu au minne, labda na ya tatu. Nikajaribu kumshusha: anipe mbili kwa pamoja, nilipe moja na nusu. Akasema mifupa yangu, inayotengeneza damu, haitakubali bei hiyo.

Dawa ilikuja ndani ya sanduku la metali ya risasi, zito, linasukumwa kwa kigari. Maji meupe, hayana harufu, hayana rangi. Kwa pesa ile nilitegemea hata rangi. Yakaingia mkononi kwa matone zaidi ya saa nzima, na wote waliokuwa chumbani wakaenda kusimama nyuma ya ukuta wa risasi, wakanichungulia kwa kioo.

Halafu nikafungiwa peke yangu. Ninyi mtadhani niliteseka. Mama zangu, baada ya ukumbi ule! Kitanda changu, dirisha langu, choo changu bila foleni. Sharti ni kuvuta maji mara mbili kila ukimaliza, na kwa mtu kama mimi hilo halikuwa sharti. Muuguzi alisukuma sahani mlangoni na kurudi nyuma. Kila asubuhi alinipima kwa mashine ya mkononi akiwa mbali, anaandika namba, na namba ikishuka vya kutosha natoka.

Asubuhi ya tatu akaniambia imeshuka, nijitayarishe. Lakini mimi nilikuwa nimeangalia. Jana alisimama kwenye kigae cha mlangoni, leo amesimama nje yake. Mnajua kwetu mashine ya mnunuzi wa madini inavyosema uongo. Inataja kiwango cha jiwe vile mwenye mashine anavyotaka. Nikamwonyesha kigae, nikamwambia arudi alipopimia jana. Akarudi. Namba ikapanda. Nikakaa siku moja zaidi. Ndiyo bei pekee niliyowahi kujipandishia mwenyewe.

Waliniachia na barua yenye mhuri na masharti. Wiki ya kwanza nikae mita mbili na watu. Wenye mimba na watoto wadogo, wiki tatu: nisilale nao chumba kimoja, nisiwashike, nisiwapakate. Nilihesabu kwenye kalenda ya ukutani, kisha nikahesabu tena kutoka mwisho kuja mwanzo. Wiki tatu zilikwisha baada ya tarehe ya Mujinga kujifungua.

Ukumbini nisingeweza kurudi na watoto wale wote. Kabamba akaleta begi langu hadi getini, akaliweka chini, akarudi nyuma, tukaagana kwa mikono juu, magari ya hospitali katikati yetu.

Pretoria hadi Lusaka

Nilinunua viti viwili. Mimi. Nyuma kabisa, pembeni, kimoja cha kukalia na kimoja cha kukaa tupu, na nikalipa vyote kamili kwa sababu sikuwa na nguvu. Karani alinihesabia abiria wawili akamtafuta wa pili kwa macho.

Kiti kitupu ndani ya basi lililojaa ni kama sahani ya nyama mbele ya mbwa. Hadi Beitbridge nilikinyima watu mara saba. Tulipofika Masvingo akapanda mwanamke mwenye tumbo kubwa, kubwa kama la Mujinga, na kondakta akamleta moja kwa moja kwangu. Nikaweka begi juu ya kiti. Nikatoa tiketi zote mbili. Kondakta akaonyesha tumbo. Nikaonyesha tiketi. Nikasema mgonjwa, mimi mgonjwa, kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, na kwa yale maneno matano ya Kiingereza niliyonayo. Wakaona mtu mnene, amevaa vizuri, ana viti viwili, anamnyima mwenye mimba. Mzee mmoja mbele akasema neno, basi zima likacheka, na sikuhitaji mtu anitafsirie.

Mwanamke hakucheka. Alikuwa ameshika kiti cha mbele, miguu imevimba.

Nikainuka nikampa vyote viwili. Nikaenda kukaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, juu ya begi langu, nyonga yenye vitoto vya uvimbe inagonga chuma kila shimo la barabara, hadi Harare. Yeye alilala amejinyoosha. Karibu na mwisho akaja na yai la kuchemsha, akaninyooshea. Nikamwonyesha aliweke sakafuni, asisogee. Akaliweka sakafuni, kama unavyomwekea mbwa, akarudi. Nililila. Lilikuwa na chumvi vizuri.

Kasumbalesa

Mpaka nilivuka kwa miguu. Upande wetu kulikuwa na mstari wa makamioni yaliyobeba shaba na magunia, yanangoja kutoka kwenda Zambia. Mnajua pale kuna watu wa serikali wanaopima magari ya madini, kusudi mtu asipitishe urani ndani ya kobalti. Fundi mmoja, kijana mwenye shati safi, alikuwa anatembea na mashine yake mkononi, inadonoa taratibu, tik, tik, kama kuku anayekula mtama. Nilisimama kupumzika kwenye kivuli cha kamioni. Kwenye ngazi yake alikaa dereva, Tata Ramazani, mtu wa familia ya Kasongo ambayo imekuwa kwenye usafirishaji tangu baba yake. Alinipa pole ya safari. Nikamwitikia kwa mbali.

Fundi akafika. Mashine ikaacha kudonoa ikaanza kunyesha, kama mvua ya mawe juu ya bati.

Akaruka nyuma. Akapiga filimbi. Askari wakaja wanne, wakamshusha Tata Ramazani, wakamwambia kamioni yake ina urani, magunia yote mia tatu yashuke. Alisema gari limepimwa Likasi na karatasi iko. Hakuna aliyemsikiliza.

Nilielewa papo hapo. Pasipoti yangu ilikuwa imeshapigwa mhuri. Mabasi ya Lubumbashi yalikuwa pale, hatua hamsini. Hakuna aliyemtazama mama mzee mwenye begi. Nikafikiri: Mujinga ana siku chache. Wakinishika hapa ni wiki. Nikatembea. Sitawaficha, nilitembea, na nilikuwa nahesabu hatua. Nne, tano, sita. Nyuma yangu mvua ya mawe ikapungua. Kumi, kumi na moja. Ikawa manyunyu. Nilipofika kumi na nne nikasikia kuku anakula mtama.

Nikamsikia na Tata Ramazani. Hakupaza sauti.

"Muandike tu ile munapenda. Lakini muandike na hii: mbele ililia, sasa inanyamaza, na kamioni haikutembea."

Wao walikuwa wameshaanza kuvuta turubai. Mtu aliyekuwa anapoteza gari lake alitaka hesabu iandikwe sawa, basi. Kama angelia au kuapa, nadhani ningeendelea kutembea. Nikageuka.

"Muache bitu bya huyu tata. Ile mashine inalia juu yangu."

Wakacheka. Nikasogea hatua moja, mbili, tano. Mashine ikaanza. Nikasimama, ikabaki palepale. Nikasogea tena, ikanyesha. Kicheko kikakatika, halafu mmoja wa wapakiaji walioitwa kushusha magunia akasema nimemeza urani, na mwingine akauliza:

"Mama, uko na tenere ngapi?"

Tenere ni kile kiwango cha madini ndani ya jiwe. Hata mimi nilitaka kucheka. Lakini askari mkubwa alikuwa hachezi. Alisema nitawekwa ndani mpaka nilichomeza kitoke. Nikaiweka barua chini, nikarudi nyuma, fundi akaja kuiokota. Aliisoma akitembeza midomo. Alipofika kwenye neno iodini akasimama. Akasoma tena toka juu.

"Ni dawa," akawaambia wenzake. "Banamuwekea ndani ya damu, juu ya kuchoma ugonjwa." Halafu akanigeukia. "Mama, pole. Uligonjwa siku mingi?"

Miaka sita, wenzangu. Miaka sita nimetoka jasho mbele ya watu wakaniona mwizi, mwoga, mwenye pepo, mwenye kobalti kiunoni. Na leo chombo cha madini kimenilia mbele ya watu, kwa sauti, kila mtu akasikia kwamba ndani yangu mna kitu. Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi. Si kwa huzuni.

Askari mkubwa alisema bado anahitaji kitu kidogo kwa ajili ya hofu aliyoipata. Nikatoa noti, nikainyoosha, nikamwambia aje aichukue mkononi mwangu. Hakuja.

Kabla sijaondoka nilimwomba fundi tutembee tena, mpaka pale mashine inaponyamaza. Kumi na nne. Nikamrudisha, tukatembea upya. Kumi na nne. Alinieleza kwamba mashine inasikia mbali kuliko mionzi inavyodhuru, kwamba mita za hospitali zinatosha. Nikamwambia asante, lakini mwanangu ana mimba, nitachukua za mashine. Tata Ramazani akasikia. Akafungua kamba ya turubai yake, akaipima kwa hatua zangu, akaikata kwa kisu, akaiacha juu ya jiwe.

"Hii njo kipimo yako, Mama. Mi niko na ingine."

Nyumbani

Kutoka Lubumbashi nilipanda nyuma ya kamioni tupu iliyokuwa inarudi Kolwezi, peke yangu na vumbi. Nilifika Manika mchana.

Nyumba yangu mnaijua, vyumba viwili. Kutoka uani niliona ndani milango sita imeegemezwa ukutani, bati zimepangwa hadi dirishani, kitanda juu ya kitanda. Mtaa wao wa Kasulo ulikuwa umefungwa kwa ua nikiwa njiani. Walipewa siku chache watoke. Banza aling'oa kila kilichong'oka, hata zulia la juu ya shimo, akaja kwangu na Mujinga na mama yake mzazi.

Mujinga akatoka mbio, tumbo mbele, mikono wazi.

"Simama," nikamwambia. Sijawahi kumpazia sauti hivyo tangu azaliwe.

Akasimama. Alidhani nimekasirika kwa sababu ya nyumba kujaa. Akaanza kueleza, mama, hatukuwa na pengine, tutatafuta, huku anajifuta machozi kwa mkono. Nami nafungua kamba. Mama yake Banza akauliza kwa nini mtu anarudi safari asipewe mkono. Nikailaza kamba chini, ncha moja kwangu, ncha moja kwao, nikaeleza yote kutoka upande wangu. Iliishia mtaroni. Kwa hiyo ndiyo mnasimama pale.

Nikahamia kibandani. Hakina mali sasa, kwa hiyo nafasi ipo. Sahani yangu inaletwa, inawekwa, anayeileta anarudi. Mnapopita mnanitania kuhusu tenere, na mimi nawajibu kwamba nimeshapungua nusu, waje kununua mapema.

Mtoto alizaliwa siku ya nane tangu nifike. Mama yake Banza ndiye aliyemkanda Mujinga na kumwogesha mtoto. Nilikuwa nimesimama kwenye ncha yangu ya kamba, nikiita kwamba maji hayajawa moto vya kutosha, na yeye akinijibu kwamba amezaa saba. Nilimsikia mtoto akilia. Ni wa kike. Wamempa jina langu, Numbi.

Naandika hesabu ya mwisho. Zamani moyo uliruka mara nne kwa siku. Tangu nitoke Pretoria, siku kumi na nane, umeruka mara kumi na moja, na juzi na jana haukuruka kabisa. Juzi alikuja mtu na robota, akataja bei, nikamtazama, uso wangu mkavu. Akashusha. Sikununua, sina pesa. Nilitaka tu kuona.

Sasa nisikilizeni, ndiyo sababu ya daftari hili. Jana Banza alikuja na bahasha, akaiweka chini upande wao wa kamba. Ni fidia ya nyumba ya Kasulo, yote, haijaguswa. Yeye na Mujinga wamekubaliana iwe ya dozi ya pili. Ukiijumlisha na bei ya kibanda hiki nikikiuza, inatosha na inabaki nauli. Isipokwenda Pretoria, inanunua kiwanja kidogo na mafundi wa kusimamisha milango ile sita. Daktari hakuahidi kitu. Banza hana shimo, hana kazi. Mimi nina miaka hamsini na tatu, na siku mbili hizi nimekunywa chai bila nyoka.

Nimejaribu kuibishia bei hii kila upande na haishuki. Ninyi mnajua thamani ya vitu, na hakuna kati yenu ambaye ni damu yangu, kwa hiyo mtasema kweli. Nichukue bahasha au niirudishe? Andikeni humu, nyuma ya ukurasa huu, kila mmoja neno lake na jina lake.

Wiki tatu zinatimia Jumamosi. Mujinga ataniletea mtoto asubuhi. Nirudishieni daftari kabla ya hapo, Ijumaa, kwa sababu nikishampakata yule mtoto sitaweza kuhesabu sawasawa.